Dodoma mpaka Shinyanga: miradi ya wafadhili baada ya wafadhili kuondoka

Jumatatu. Dodoma, Chamwino, Kongwa

Nimeanza safari leo na nitaandika kila jioni kadri mtandao utakavyoruhusu. Kuna kikundi cha watu tuliosoma pamoja, wengine tuko huku nyumbani wengine wako Ulaya na Marekani, tunachanga kila mwezi na sasa pesa imekua watu wanataka iende kijijini ikafanye kitu, na kila mtu ana wazo lake, huyu anataka kisima, yule anataka darasa, mwingine kang'ang'ania trekta. Mi kazi za miradi vijijini nimezifanya muda mrefu kwahiyo wakanambia zunguka uangalie halafu utushauri. Nimekubali, ila nikawaambia siendi kwenye miradi mipya yenye vibao vinavyong'aa na watu waliovaa tisheti za uzinduzi. Naenda kule ambako wafadhili walikuja, wakamwaga pesa, wakaondoka zamani, nione kimebaki nini.

Niseme mapema naamini nini ili anayesoma ajue. Mi sio wale wanaosema misaada yote ni sumu, nimeona watoto waliopona kwa dawa za msaada na siwezi kuwaambia mama zao kwamba ile dawa ilikuwa ukoloni. Ila naamini swali la pesa kiasi gani linakuja mwisho kabisa. La kwanza ni nani kaamua, na je yule anayesaidiwa angeweza kusema hapana na akasikilizwa?

Chamwino nimesimama kwa muda mfupi kumsalimia mama mmoja ambaye ni mnufaika wa TASAF wa siku nyingi. Wengi hawajui kwamba ule mpango wa ruzuku kwa kaya maskini kabla haujaenda nchi nzima ulijaribiwa kwanza kwenye wilaya tatu, Bagamoyo, Kibaha na hapa Chamwino, ruzuku zikaanza kutolewa 2010, na kamati za vijiji vyenyewe ndo zilikuwa zinasimamia. Ule utafiti wa majaribio ulionyesha watu hawakuzinywea pombe kama watu wa mjini wanavyopenda kusema, kaya zilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukata bima ya afya na zile maskini kabisa zikanunua mifugo midogo. Huyu mama alianza na mbuzi jike wawili. Nikamuuliza, mama, kama wangekupa mbuzi badala ya pesa ingekuwaje? Akasema, "Wangeniletea wale mbuzi wao wakubwa wa kizungu mwanangu, wangekufa." Hakucheka wakati anasema.

Kongwa nimefika mchana, unakata kona pale Mbande unaacha barabara ya Morogoro. Hapa ndo penyewe. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe ukazunguka Afrika Mashariki na Kati kwa wiki kama tisa hivi, ukarudi na mpango wa kulima karanga ekari zaidi ya milioni tatu kwa ajili ya mafuta ya kula maana Uingereza baada ya vita ilikuwa na njaa ya mafuta. Kazi ikaanza 1947. Bajeti ilikuwa kama paundi milioni 25, wakati ule hizo ni pesa za kutisha. Wakaleta matrekta yaliyobaki vitani, wakachukua hadi vifaru vya Sherman wakavigeuza kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Mibuyu na vichaka vya Ugogo vikavunja vile vyuma. Mvua ikawa haba kama ilivyo siku zote, na jua likaukausha ule udongo ukawa mgumu kama saruji, karanga zikawa zimo chini na kuzing'oa haiwezekani. Januari 1951 serikali yao ikatangaza basi, na paundi milioni 36 na ushee zikafutwa kwenye vitabu.

Kinachoniuma kila nikiisoma habari hii ni kwamba Wagogo walikuwa hapa hapa, wanalima mtama na uwele na kuchunga ng'ombe, na sababu ya kulima mtama na uwele badala ya mazao yenye kiu ni mvua hiyo hiyo iliyowashinda wenye vifaru. Taarifa ilikuwepo, tena bure, kwenye kila shamba waliloliona kwa macho yao.

Jioni nimetembea karibu na eneo la mradi wa zamani. Kwenye majengo yaliyoachwa na mradi ule ndo wapigania uhuru walikuja kuweka kambi miaka ya 60, FRELIMO, ANC, SWAPO, MPLA, ZAPU wote wamepita hapa, na upande mwingine kuna ranchi ya taifa. Kwahiyo kuna vilivyobaki, lakini hakuna hata kimoja kilichokuwa kwenye mpango.

Jumanne. Vijiji vya Kongwa

Leo nimekuwa shambani siku nzima na hii ndo siku niliyokuwa naisubiri.

Wilaya hii hii ya karanga watu wanafanya kitu kinaitwa kisiki hai. Shambani kunakuwa na visiki vya miti iliyokatwa zamani, juu vinaonekana vimekufa lakini mizizi iko hai chini, kila mwaka vinachipua na kila mwaka mkulima anafyeka anasema ni magugu. Kisiki hai ni kuacha kufyeka. Baba mmoja amenionyesha kwenye shamba lake: amechuchumaa kwenye kisiki chenye machipukizi kama kumi na tano hivi, akayapapasa moja moja kwa vidole akachagua matatu yaliyonyooka na manene, mengine yote akakata kwa panga kutoka chini kwenda juu ili ganda lisichanike, halafu yale matatu akayapogoa matawi ya chini mpaka nusu ya urefu, akafunga kitambaa chekundu kilichochanwa kwenye khanga ya zamani. Kitambaa maana yake mti huu una mwenyewe, mchungaji asilishe, mtu wa kuni asikate. Dakika tano hazikufika. Yale aliyokata mkewe akayafunga mzigo, kuni za siku mbili.

Hakuna kitalu, hakuna miche, hakuna kumwagilia, hakuna gari la mradi kuleta chochote. Njia hii ilipata umaarufu Niger kuanzia 1983 kupitia Tony Rinaudo wa Australia, ambaye alikuwa anapanda miche jangwani na inakufa, mpaka alipoona kwamba vichaka anavyovipita kila siku ni miti iliyokatwa. Niger leo inahesabiwa hekta kama milioni tano zilizorudi kijani kwa njia hiyo, na sehemu kubwa imesambaa mkulima kwa mkulima, jirani anaona anaiga. Hapa Dodoma kuna shirika la Mpwapwa, LEAD Foundation, linaifundisha na lina wabia wa nje wanaolipia mafunzo. Kwahiyo pesa ya nje imo, sikatai. Ila angalia imelipia nini: imelipia mtu kutoka kijiji cha pili kuja kuonyesha. Shirika likifunga ofisi kesho yule baba hasahau kukata machipukizi.

Sheria moja ilitakiwa ibadilike vichwani ndo hii ifanye kazi, na wenyewe wananambia ndo ilikuwa ngumu kuliko panga. Watu wengi waliamini kwamba mti wa asili ukiuacha shambani unakuwa mali ya serikali, siku ukiukata bwana misitu anakukamata. Sasa nani ataacha mti ukue ili uje umfunge? Mpaka viongozi wa kijiji waliposimama mkutanoni wakasema mti ulioko shambani kwako ni wako, ndo watu wakaanza kuvifunga vitambaa. Semina yenyewe ya kukata machipukizi inatosha asubuhi moja. Hakikisho la kwamba mti ni wako linahitaji mwenyekiti, mtendaji, afisa misitu wa wilaya, na ujasiri.

Mchana kikao cha VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, chini ya mwembe. Sanduku la bati lina kufuli tatu na funguo ziko kwa wanawake watatu tofauti, wa nne anakaa na sanduku lenyewe na hana hata ufunguo mmoja. Mtunza funguo wa pili alichelewa, wote tukakaa tunamsubiri, hela zipo mbele yetu na hakuna wa kuzigusa, alipofika akatoa faini kabla hata ya kusalimia akakaa. Hisa, mikopo, mfuko wa jamii, wahesabu wawili wanahesabu kwa sauti ili hata asiyejua kusoma ashike kichwani kilichomo. Mfumo wa namna hii shirika la misaada la CARE waliuanzisha Niger mwaka 1991, Maradi, na cha kusifu ni kwamba hawakuweka hela humo ndani. Hela ni ya wanachama. Nimeona vikundi vingi vimekufa siku mfadhili alipoamua kuwaongezea mtaji, maana hela ya kwako ukikopa unarudisha, hela ya mzungu watu wanasema imeletwa kwa ajili yetu.

Nimemuuliza mwenyekiti wao, mama mtu mzima, je tukiwachangia kidogo kwenye sanduku? Akanijibu kwa upole kabisa, "Baba, mtuharibie kikundi?" Halafu akasema kama tunataka kusaidia, kijiji chao hakina mashine ya kukamua alizeti karibu, na wao kama kikundi wanataka kukopa benki lakini benki inataka waandikishwe na wawe na hesabu zilizokaguliwa, tuwatafutie mtu wa hesabu. Nimeandika kwenye daftari: mtu wa hesabu.

Jumatano. Kondoa

Lami imenyooka kutoka Dodoma hadi Babati siku hizi, miaka ya nyuma hii barabara ilikuwa adhabu. Imejengwa kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na Wajapani pamoja na pesa ya serikali, na nasema wazi barabara ni aina ya msaada ninayoipenda, haikuchagulii cha kulima, unabeba mzigo wako unaoujua mwenyewe.

Kondoa nimekuja kwa ajili ya HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, mradi wa serikali uliofadhiliwa na Waswidi kuanzia 1973. Makorongo ya hapa yalikuwa maarufu duniani, ardhi nyekundu imekatika kama imechanwa na kucha. Wakajenga makingamaji, wakapanda miti, haikutosha, na mwaka 1979 ikaja amri: mifugo yote itoke eneo lililoharibika, kilometa za mraba 1,256, makumi ya maelfu ya wanyama.

Nimekaa na mzee mmoja wa Kirangi, shikamoo mzee, marahaba, akanizungusha nyuma ya nyumba yake. Korongo lipo bado ila limejaa nyasi na miti, upande mmoja watu wanalima migomba chini kabisa ambako zamani anasema mtoto akitumbukia ilikuwa kazi kumtoa. Ardhi imepona, hilo sibishani nalo. Nikamuuliza ng'ombe wa baba yake walienda wapi. Wengine walipelekwa kwa ndugu mbali, wengine waliuzwa bei ya kutupa maana wote walikuwa wanauza wiki hiyo hiyo na wanunuzi walijua. Baadaye mwishoni mwa miaka ya 80 mradi ukaleta ng'ombe wa maziwa wa kufugia ndani. "Waliopata wale ng'ombe wa maziwa sio wote waliotoa wale wa asili," akasema mzee, na hapo akaniangalia muda mrefu kuona kama nimemwelewa.

Nimemwelewa. Ripoti inaandika hekta zilizorudi kijani, haiandiki nani alilipa. Mi ningekuwa mfadhili wa mradi kama huu ningeuliza kabla ya kutoa hata senti, fidia iko wapi na inamfikia nani kwa jina. Msaada uliofanikiwa kwa amri unafundisha serikali tabia ya amri, na tabia ikibaki mradi mwingine unaokuja unaitumia hiyo hiyo.

Alhamisi. Babati, Katesh

Siku ya barabarani tu. Katesh iko chini ya mlima Hanang, na bado unaona njia ya tope la tarehe 3 Desemba 2023 lilivyoshuka na kuua watu zaidi ya 80. Watu wa hapa wananambia saa za kwanza waliokolewa na majirani wenye majembe na koleo kabla hata vyombo vya uokoaji havijafika, halafu nchi nzima ikachanga, na serikali ikajengea waathirika nyumba. Sina la kulaumu hapa, janga ni janga, mtu akifukiwa na tope humuulizi mpango endelevu.

Kesho Basotu.

Ijumaa. Basotu

Nyanda hizi ukiziona utaelewa kwanini mtu wa ngano alizitamani, zimenyooka mpaka macho yanachoka, udongo mzuri, hewa baridi. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 70 Kanada kwa kushirikiana na shirika letu la umma la NAFCO walianzisha mashamba ya ngano hapa Hanang, mwishowe yakafika saba na ukubwa wa kama ekari 100,000. Mashine kubwa, wataalamu kutoka kwenye mbuga za ngano za Kanada, vijana wa Kitanzania wakapelekwa kusoma huko. Na ngano ilitoka kweli, hii sio Kongwa. Kwenye karatasi ni mradi uliofanikiwa.

Lakini ardhi haikuwa tupu. Wabarabaig walikuwa wanaizunguka na mifugo kwa majira, na hizi nyanda zenye majani matamu ndo zilikuwa za thamani kuliko zote kwenye mzunguko huo, ukizitoa mzunguko mzima unakatika hata kama sehemu nyingine zimebaki. Makaburi ya wazee wao wa heshima yalilimwa juu na matrekta. Watu wa kijiji cha Mulbadaw wakaenda mahakamani, Mahakama Kuu ikawapa haki, NAFCO ikakata rufaa na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaipa ushindi NAFCO, ikasema kijiji hakijathibitisha kwamba kiligawiwa ile ardhi kisheria na wanakijiji hawajathibitisha kwamba ni wenyeji kwa maana ya sheria. Nimeisoma hukumu hiyo zamani na leo nimesimama pale. Mbarabaig athibitishe kwamba ni mwenyeji wa Hanang!

Bibi mmoja hapa, nguo ya ngozi hakuvaa leo ila bangili za shaba mkononi zinafika karibu na kiwiko, aliniambia kupitia mjukuu wake kwamba alikuwa msichana walipopita wapimaji. Walipima wiki nzima. Hakuna aliyewauliza kitu, ila walisaidiwa maji ya kunywa kwenye maboma yao, maana mgeni anapewa maji. Mjukuu alisita kidogo kabla ya kunitafsiria hiyo sentensi ya mwisho.

Nawaza leo usiku kuhusu wale Wakanada. Nina uhakika wengi wao walikuwa watu wema, wakulima waliokuja kufundisha kazi wanayoijua, na hawakuja kuiba ardhi ya mtu. Serikali yetu iliwaambia ardhi ipo. Hapo ndo pagumu pa misaada ya serikali kwa serikali, mfadhili anaheshimu uhuru wa nchi kwahiyo anazungumza na wizara, wizara inazungumza kwa niaba ya mwananchi, na mwananchi mwenyewe mara ya kwanza kusikia ni pale trekta linapowaka. Tangu 1999 tuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kijiji kinaweza kuwa na cheti chake na mwananchi hati ya kimila, na kwa maoni yangu ile sheria ikitumika vizuri ina faida kwa maskini kuliko miradi mingi yenye magari. Shida kuitumia kunahitaji vipimo, ramani, vikao, na pesa za kuyafanya hayo ndo huwa hazipatikani maana hakuna picha nzuri ya kupiga kwenye upimaji wa mpaka.

Jumamosi. Singida, Sekenke, Nzega, Shinyanga

Basi refu. Jirani yangu kwenye siti ni dada aliyekuwa mtoa huduma ngazi ya jamii kwenye mradi wa VVU, kazi yake ilikuwa kuwafuata nyumbani walioacha kuchukua dawa. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada, tarehe 1 Julai mwaka huo shirika lao la misaada, USAID, likafungwa rasmi, na yeye kazi ilikuwa imeshaisha siku nyingi kwa ujumbe wa simu. Dawa zenyewe zipo kituoni, akasema, kilichokatika ni yule mtu wa kwenda kugonga mlango wa aliyeacha.

Nimelifikiria hili tangu Singida mpaka tumeshuka Sekenke. Hapa ndo siwezi kukaa upande wa wanaoshangilia misaada kukatwa eti sasa tutajitegemea. PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, tangu 2003 imeweka hai mamilioni ya watu Afrika, na hao watu wakiwa hai wanalima na kulea watoto na kuweka hisa kwenye VICOBA. Kumkatia mtu dawa ghafla hakumfundishi kujitegemea. Ila pia viongozi wa Afrika walikaa Abuja 2001 wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende afya, na nchi nyingi miaka yote zimekaa mbali na hiyo ahadi kwasababu kulikuwa na mtu mwingine analipa. Mi naona msaada wa dawa ulipaswa kuja na tarehe na mahesabu ya kupokezana tangu mwaka wa kwanza, mwaka huu nyie kiasi hiki sisi kiasi hiki, mwakani tunaongeza, bungeni, hadharani. Kupokezana kwa kushtukizana ndo kunaua.

Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limeshasema kutegemea misaada kutahatarisha uhuru wetu, na kwamba tunahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Shuleni tulikariri vile vitu vinne kwa mdomo. Nimevikumbuka leo kwa ajili ya yule dada, ambaye ni mtu aliyefunzwa, yupo tayari, anaijua kila nyumba yenye shida kwenye kata yake, na anaenda Shinyanga kumsaidia shangazi yake kuuza nguo.

Nzega na Igunga wanakunywa maji ya Ziwa Victoria siku hizi, kwa mkopo wa India, na bomba hilo ni mwendelezo wa lile la Kahama na Shinyanga ambalo tulilijenga kwa pesa zetu wenyewe na likazinduliwa 2009, wakati kulikuwa na kelele za ule mkataba wa Nile wa 1929 kwamba turuhusiwe kwanza na Misri. Tulichimba. Nalipenda hilo bomba.

Jumapili. Kijiji kimoja Shinyanga

Ngitili. Msukuma anafunga sehemu ya malisho mvua ikianza, majani yanakua hayaguswi, kiangazi kikikaza ndo inafunguliwa kwa mafungu. Ni mila ya zamani. Mkoloni alifyeka misitu ya huku kuua ndorobo, yaani mbung'o, pamba ikaongeza ufyekaji, halafu operesheni vijiji ya 1974 ikawahamisha watu mbali na ngitili zao na ngitili isiyo na mwenyewe karibu inaliwa na kila mtu. Shinyanga ikaitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ikaanzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa msaada wa Norway. Wataalamu walianza na miche na vitalu kama kawaida, lakini walipokaa na wenyeji wakaambiwa sisi tunayo njia yetu, na la muhimu walisikiliza. Kazi kubwa ya mradi ikawa kuipa ngitili heshima ya kisheria, sheria ndogo za vijiji, mikutano ya jadi ya dagashida, sungusungu, walinzi wa jadi, kukamata wanaovamia. Mradi unaanza kulikuwa na hekta kama 600 tu zinazojulikana, unafungwa 2004 zilikuwa zaidi ya 300,000 kwenye vijiji zaidi ya 800. Mi sijui mradi wa kupanda miche nchi hii uliokaribia hapo, na Wanorwe walishaondoka zaidi ya miaka ishirini.

Leo nimeingia kwenye ngitili ya kijiji na mlinzi wake, mzee mwenye fimbo na redio. Migunga imesimama, chini nyasi zinafika kiunoni, kuna mizinga ya nyuki juu ya miti na akina mama wawili wanachimba mizizi ya dawa kwa kibali cha kijiji kilichoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari. Nikauliza nikiingiza ng'ombe leo inakuwaje. Akasema wanakamatwa, unaitwa mbele ya wazee, faini ni kwa kichwa cha ng'ombe, ukikataa hakuna atakayekuja msibani kwako. Nimeona mikataba ya wafadhili yenye kurasa mia mbili isiyo na kifungu chenye nguvu kama hicho.

Lakini kuna tatizo na wamelisema wenyewe bila kuulizwa. Ngitili za watu binafsi zinauzwa, vijana wakirithi wanagawana na kulima. Na hii ya kijiji mpaka wake upande wa kusini unagombaniwa na kijiji jirani, alama ilikuwa mti na mti ulianguka. Wakati wa mradi ramani iliwahi kuchorwa, haijawahi kusajiliwa.

Jioni tumekaa ofisi ya kijiji, mwenyekiti, mtendaji, wazee watatu na mama mmoja wa kamati ya mazingira ambaye ndo alikuwa na takwimu zote. Nikawaeleza habari za kikundi chetu bila kutaja kiasi, nikawauliza mngetaka nini. Kimya kidogo, halafu mzee mmoja akaanza kusema kisima, yule mama akamkatiza kwa adabu, "Baba, kisima tunacho, kimekufa kwa ajili ya spea na kamati haijakaa tangu mwaka juzi, tukiongeza cha pili tutakuwa na viwili vilivyokufa." Wakajadiliana kwa Kisukuma muda mrefu, mi nikatoka nje nisiwape uzito wa macho yangu.

Waliponiita ndani walikuwa na jibu. Wanataka upimaji wa mpaka wa ngitili na mpango wa matumizi ya ardhi usajiliwe wilayani, pamoja na kijiji jirani, mkutano mmoja wa pamoja. Wao tayari wameshachanga magunia ya mahindi ya kuuza, yapo stoo, na nusu ya gharama wataitoa wenyewe. Wanaomba nusu iliyobaki, na wanaomba ilipwe wilayani kwa risiti, isipitie kwa mtu.

Jumatatu. Shinyanga mjini

Nimepita ofisi ya ardhi kuulizia utaratibu na gharama, nimepewa orodha ya hatua, nimeipiga picha na kuituma kwenye kundi. Nimewaandikia hivi: trekta hapana, kisima hapana, darasa ni kazi ya halmashauri tunayoilipia kodi. Pesa yetu iende sehemu mbili, mtu wa hesabu kwa wale akina mama wa Kongwa kwa miezi sita, na nusu ya upimaji wa ngitili huku, na jina letu lisiandikwe popote.

Wawili wameshakubali. Wa trekta anauliza wanachama watapata picha gani za kuonyesha. Nimemjibu watapata nakala ya ramani yenye mihuri ya vijiji viwili, na nimeambatanisha tarehe ya mkutano wa mpaka kama anataka kuja kukaa nyuma asikilize.